Umeme wa Nchi Saba

Kibiti, Jumatatu, 14 Machi 1955

Mimi nina bahati ambayo mtu mwingine hapa Kibiti hana, na asiiombe, maana haitamwenea. Umeme wa nchi saba umenipiga, na nchi zote saba zimeniachia. Wa Bombei ulinitupa chini kutoka ngazini. Wa Durban uliniunguza nyusi. Wa Marsei, wa Kadifu, wa Hamburg na wa Nyuyoki kila mmoja ulinisalimu kwa desturi za kwao. Wa Kobe, kwa Wajapani, ulinipiga kwa adabu kana kwamba umeniinamia kwanza. Na mimi huyu hapa, meno yote kinywani, naandika.

Leo nimemaliza kutandaza waya dukani kwa tajiri Haiderali na katika nyumba yake ya nyuma. Injini yake ya dizeli imefungwa kwenye kibanda cha mabati. Ilipofika magharibi taa zikawaka. Ile kubwa ya mlangoni, globu ya wati mia mbili, imewaita wadudu wote wa bonde la Rufiji na watu wote wa Kibiti. Haiderali alisimama chini yake amevaa koti, na joto hili.

Anayeitunza injini ni Muhidini, Mmatumbi wa milimani Kipatimu, mtu asiyemaliza maneno kumi kwa siku. Nimemwonyesha swichi mara tatu asije akasahau. Amenishukuru mara tatu.

Mke wangu Mwamvua kaniuliza daftari hili la nini. Nimemwambia ni la mambo ya kitaalamu. Kasema, "Haya, Baba Semeni, andika na kuni zimekwisha."

Alhamisi, 17 Machi

Mvua.

Jumamosi, 19 Machi

Lori la Dar es Salaam limeshusha sanduku la mbao la Gangaben, lenye mihuri ya Japani kama chanjo. Gangaben ni mjane wa Kihindi, nyumba ya pili kutoka dukani, mshonaji. Ni yeye aliyeshona kanzu ya harusi yangu, na nusu ya wanaume wa kutoka Bungu mpaka Nyamisati wamesali Idd ndani ya kazi yake. Mwaka jana alipata homa, ikaondoka na mguu wake wa kulia, na wa kushoto umebaki jina. Cherehani yake ya kukanyaga imekaa inamtazama tu. Amejaribu ya mkono, bega likamvimba. Kanzu moja siku tatu. Amejaribu kukaa na mtu wa kumkanyagia, lakini yule akikanyaga huku anasinzia, mishono ikaruka kama panzi.

Sasa kaka yake Zaverchand, aliyeko Kobe kwenye biashara ya vitambaa, amemletea cherehani ya umeme. Nyeusi, ina maua ya dhahabu, imebeba mota ubavuni kama mama na mwanawe. Haina haja ya mguu. Kuna kikanyagio kidogo cha kubonyeza hata kwa kiwiko.

Gangaben aliipapasa, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Shemeji yake, Ladha wa Kilwa, ndugu wa marehemu mumewe, amemwandikia kwamba mjane asiyejiweza hakai peke yake. Masika yakiisha atakuja kumchukua. Nikasema hilo ni jambo jema, ndugu ni ndugu.

"Bushiri bhai, ndugu yangu," akasema, "kule nitapewa godoro jikoni na mchele wa kuchambua mpaka nife. Hapa nina mlango wangu mwenyewe. Nimepokea kazi ya kanzu arobaini za Idd. Ladha akinikuta nimezimaliza, atasema nini? Hana la kusema."

Ramadhani inaingia mwezi ujao. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Kobe naijua kama jiko la mke wangu.

Jumatano, 23 Machi

Haiderali amekubali nivute waya kutoka dukani kwake mpaka kwa Gangaben, maana kitambaa cha kanzu kimetoka kwake na hataki kimrudie kama mashuka. Injini itafanya kazi mchana pia. Waya umefika. Tatizo ni meno. Plagi ya Japani ina meno mawili bapa kama ya sungura. Soketi zetu za Kiingereza zina matundu matatu ya mviringo. Sikubabaika. Nilimweleza kila aliyesimama pale kwamba kazi yote ya umeme wa kigeni ni meno: Mwingereza matatu manene, Mmarekani na Mjapani mawili bapa, Mjerumani mawili kama vidole. Ukimpata meno yake umempata mwenyewe. Nikaikata ile plagi, nikafunga ya Kiingereza.

Muhidini alikuja kutoka kibandani na mikono ya grisi, akainama kwenye mota. Kuna kibao kidogo cha chuma, maandishi ya Kijapani na namba 100.

"Kaka Bushiri, kibao hiki kinasema mia. Injini yetu inatoa volti mia mbili na thelathini."

Nikamwambia, ndugu yangu wa milimani, mgeni akifika kwako kutoka mbali humpimii wali kwa kijiko. Unampakulia mpaka aseme basi. Mjapani huyu amezoea mia kwa sababu kwao ni nchi ya njaa baada ya vita. Sisi tutampa mia mbili na thelathini na atushukuru. Watu wakacheka. Muhidini hakucheka. Alirudi kwenye injini yake.

Gangaben akaweka mkono wa kanzu chini ya sindano, akabonyeza kwa kiwiko.

Siwezi kuandika ilivyolia. Ilipiga yowe. Ikaushona ule mkono juu mpaka chini kwa nukta moja, ikauziba kabisa, sindano ikakatika ikarukia ukutani, na kikanyagio kikatoa moshi mweusi wenye harufu ya nywele zinazoungua. Nikavuta waya.

Gangaben alitoa ule mkono wa kanzu uliozibwa, akaukunja vizuri, akauweka mapajani. Akaniuliza kama imekufa.

Nikamwambia imechoka na safari. Chumvi ya baharini imeingia ndani, itakauka.

Jumatatu, 28 Machi

Haijakauka. Mvua.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimefungua mota. Ndani kuna vipande viwili vya kaboni wanavyoviita brashi, vimeliwa vyote. Kikanyagio kimeungua mpaka waya wa ndani. Nyaya za mota zenyewe zimebadilika rangi kidogo lakini zipo. Nimefunga tena na kuwaambia watu nimefanya uchunguzi.

Jumanne, 5 Aprili

Haiderali ameniletea boksi la bati lililojaa plagi za nchi za nje, alizoachiwa na binamu yake mwenye hoteli, nichague ya kufaa. Nikazimwaga jamvini barazani kwa Gangaben. Walikuwapo watu kama ishirini, maana mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nikawa naokota moja moja: hii ya Hamburg, hii ya Nyuyoki, hii ya Bombei, angalieni jino la chini lilivyo nene. Nilifurahi sana, nakiri. Mwamvua alisimama nyuma na kapu kichwani na hata yeye alitazama.

Nikaokota moja ya shaba, mviringo, ina vipembe viwili ubavuni. Nikasema hii ni ya Ureno, adimu, nimeiona mara moja tu Lisboni.

Muhidini akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekusitiri, "Kaka, hii ni ya hapahapa. Inaingia pale inapokaa globu. Watu hutoa globu wakachomeka pasi."

Akaenda mpaka kwenye kishikio cha globu nilichomfungia Gangaben, akaichomeka, akaizungusha kidogo. Ikakaa.

Watu hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Nikasema ndiyo, Wareno waliiga kwa Waingereza.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua. Mto umepanda mashamba. Watu wa bondeni wanahamia juu na kuku zao. Pantoni ya Ndundu, inayovusha malori ya Kilwa, imesimamishwa. Huku kaskazini malori matatu yamekwama matopeni Bungu. Nimemwambia Gangaben nimeagiza transfoma kutoka kwa rafiki yangu nahodha wa meli, aliyeko bandarini Dar es Salaam. Transfoma ni chombo kinachopunguza umeme, nilisikia Muhidini akikitaja.

Sina rafiki nahodha. Naandika hapa kwa sababu daftari halisemi.

Jumamosi, 16 Aprili

Nilipata akili mpya. Injini ikienda polepole, umeme unashuka. Nikaingia kibandani Muhidini alipokwenda kusali adhuhuri, nikabana mafuta. Taa zote za duka zikawa nyekundu kama macho ya mtu mwenye homa. Nikakimbia kwa Gangaben, nikaushika waya wa cherehani niuunge, na hapo umeme ukanigusa.

Injini ikazima yenyewe. Mkanda ukatoka. Haiderali akaja mbio kwenye matope na makubadhi mkononi. Amenikataza nisikanyage kibandani. Kasema, "Wewe ulizunguka dunia nzima kutafuta injini ya kuua, ukakosa, ukaja kwangu?" Mkewe Malekbanu alikuwa anachambua mchele chini ya taa yao jikoni, na jioni walikula mawe.

Mwamvua kanipaka mafuta ya nazi kiganjani. Hakuniuliza ulikuwa umeme wa nchi gani.

Jumapili, 24 Aprili

Ramadhani imeanza. Kanzu zilizokamilika: mbili, za mkono. Mvua.

Jumatano, 27 Aprili

Watu wameanza kupita kwa Gangaben kuuliza. Wanauliza kwa upole, wamesimama uwanjani na majani ya migomba vichwani, na huo upole wao unaniudhi kuliko matusi. Mzee mmoja kutoka Nyamisati amekuja kwa miguu siku mbili, kaona kitambaa chake bado kimekunjwa vilevile, kasema, "Hamna neno, mama, Idd iko mbali," akageuka akarudi alikotoka. Idd haiko mbali.

Na kila anayepita ananiuliza mimi transfoma imefika wapi. Nimewaambia imefika Mbagala. Jana nilisema Mbagala pia. Chombo gani hiki kinachokaa Mbagala kama mchumba.

Jumamosi, 30 Aprili

Mvua. Nimegombana na Mwamvua kwa ajili ya chumvi kwenye futari. Haikuwa chumvi.

Jumanne, 3 Mei

Leo Mwamvua amerudi nyumbani na sufuria mbili za shaba, ndoo, na kinu kidogo cha viungo. Nikauliza amenunua wapi. Kasema hakununua. Gangaben anagawa vyombo. Amemwambia kule Kilwa vyombo viko, hatabeba chochote. Kile kinu alikuja nacho kutoka kwao Bara Hindi akiwa bibi harusi.

Mwamvua aliviweka katikati ya chumba na kukaa mbele yake. Akasema, "Baba Semeni, mimi nimeolewa na wewe miaka tisa. Sikukuuliza kitu. Leo nakuuliza kimoja. Hiyo transfoma ipo?"

Nikasema haipo.

"Basi rudisha vyombo vya watu," akasema. "Na ujue utavirudisha na neno gani."

Nilikaa na vile vyombo mpaka adhana ya alasiri. Nilitafuta neno la kuchekesha, maana nina mengi. Halikuja hata moja.

Jumatano, 4 Mei

Nimekwenda kibandani kwa Muhidini. Sikuingia, nilisimama mlangoni kwa sababu ya amri ya Haiderali, mvua ikinipiga mgongoni. Alikuwa anafuta mkanda. Nilikuwa nimekariri njiani namna ya kulieleza jambo nionekane kama ninampima. Nilipofungua mdomo yakatoka maneno matatu tu.

"Muhidini, mimi sijui."

Akaendelea kufuta. Kisha akaniuliza kipi nisichokijua, nikamwambia chote. Nikamwambia meno nayajua, tumbo silijui. Nilidhani plagi ikiingia umeme nao umekubali.

Nilingoja anirudishie. Nilimwita wa milimani mbele ya watu. Nilimwonyesha swichi mara tatu. Yeye alisogea kidogo akanipa nafasi chini ya bati, nisilowe.

Kumbe mtu huyu alikaa miaka sita kwenye nyumba ya umeme ya shamba la mkonge huko Lindi. Meneja alikuwa na redio ya Kimarekani, ya mia na kumi, na transfoma haikuwapo hata huko. Walifanya hivi: waya mmoja usiende moja kwa moja kwenye redio, upite kwanza ndani ya globu. Globu inakula sehemu yake na chombo kinakula iliyobaki. Ila globu iwe kubwa. Ikiwa ndogo inakula yote na chombo kinalala njaa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwezi wa tatu.

"Nilisema, kaka. Nilisema kibao kinasema mia."

Ijumaa, 6 Mei

Globu kubwa Kibiti ni moja, na iko mlangoni kwa Haiderali. Tulikwenda wote wawili. Nilimwambia tajiri ukweli wote wa cherehani, kwamba ni mimi niliyeiunguza na transfoma niliitunga. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei. Akasema ile taa ni heshima ya duka lake na haitoki.

Muhidini akasema mchana jua liko bure, tajiri. Asubuhi tutaitoa, magharibi tutairudisha, na watu watakaokuja kuchukua kanzu watapita chini yake.

Haiderali akaitazama taa yake. Akasema ikivunjika tutasimama mimi na Muhidini mlangoni tuwake.

Jumamosi, 7 Mei

Brashi Muhidini ametengeneza kwa mawe ya tochi yaliyokwisha. Ndani ya kila jiwe kuna kijiti cha kaboni. Amekisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka kikawa kipande cha mraba, akakijaribu, akakisugua tena. Siku nzima, amefunga, bila neno. Mimi nilikuwa napasua mawe na nimekuwa mweusi mpaka masikioni. Zamani ningesema mtu huyu hana akili ya kuzungumza. Leo nimeona ana kazi.

Vyombo nimevirudisha jana. Neno nililolisema ni lile lile nililomwambia Muhidini. Gangaben alipokea kinu chake, akanusa ndani, akasema, "Mwamvua amesaga nini humu? Kitamu."

Jumapili, 8 Mei

Imekwenda.

Globu ilipata wekundu wa kahawia, mota ikaguna, ikazunguka. Mshono ulionyooka, polepole, kama mtu anayesoma kwa kidole. Gangaben alishona mkono mmoja mpaka mwisho, akaugeuza nje ndani, akaukagua. Kisha akachukua wa pili.

Kikanyagio hakitengenezeki. Kwa hiyo kuna swichi ya ukutani, na mtu wa swichi. Mtu huyo ni mimi.

Jumapili, 15 Mei

Kanzu kumi na saba. Nakaa kwenye kigoda kutoka asubuhi mpaka magharibi. Akisema "nenda" nawasha, akisema "basi" nazima. Penye shingo anataka mwendo wa kunyata, basi natoa globu ya mia mbili na kuweka ya mia, nayo ni ya moto, vidole vyangu vimekuwa vya mpishi wa chapati. Nikichelewa nukta moja anafumua inchi tatu na kunitazama. Nilimwambia mimi ni fundi wa kimataifa na sasa nimekuwa mguu wa kulia. Kasema mguu wake ulikuwa haupigi domo.

Hanywi maji mbele yangu. Nilimwambia anywe, saumu ni yangu. Anasema hana kiu.

Jumatano, 18 Mei

Dizeli ilikaribia kwisha. Malori ya Bungu bado. Haiderali amezima taa za nyumbani kwake ili mafuta yabaki ya cherehani. Malekbanu anapika kwa kandili na kumlaumu mumewe kwa Kikachi, lugha ya kwao, na mumewe anatulaumu sisi kwa Kiswahili.

Jumapili, 22 Mei

Mwezi umeandama. Kanzu thelathini na sita. Nne hatukuwahi. Gangaben amechagua wanne wa kusubiri, watu wa hapa hapa Kibiti, akawaomba radhi mmoja mmoja, akiwaahidi Idd ya kuchinja atawashonea bure. Yule mzee wa Nyamisati amepata yake.

Jumatatu, 23 Mei. Idd

Nimesali safu ya tatu. Mbele yangu safu mbili nzima za migongo, na kila mshono niliujua.

Alhamisi, 2 Juni

Pantoni imeanza tena, na Ladha wa Kilwa ameshuka leo kwenye lori la kwanza. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kofia nyeusi na miwani, mwenye haraka. Alikuta Gangaben yuko kazini, mimi kwenye swichi, globu inawaka juu ya meza mchana kweupe. Alikagua nyaya zote kwa ncha ya mwavuli.

Walizungumza kwa lugha yao, kisha akanigeukia kwa Kiswahili. Kasema anaogopa moto. Mwanamke asiyeweza kukimbia, peke yake, na chombo cha Japani kinachopitia kwenye globu. Lakini amesikia dukani kwamba fundi wake ni mtu aliyezunguka bandari za dunia na kujifunza umeme wa nchi saba. Kama ni hivyo, na kama fundi huyo atatoa neno lake, yeye atamwacha shemeji yake mpaka masika mengine.

"Ni kweli ulifika Kobe?" akaniuliza. "Ulikaa sehemu gani?"

Hapa nilikuwa na ndiyo mdomoni. Naandika ili nisije nikajisahau: ilikuwa tayari, na mtaa nilikuwa nimeshautunga. Na safari hii uongo ungemsaidia mtu. Niliona mikono ya Gangaben imesimama juu ya kitambaa. Lakini nikaona pia siku brashi zitakapoisha, na Ladha ameniamini mimi, na mimi nimekaa hapo natafuta neno la kuchekesha.

Nikasema sikufika. Fundi ni Muhidini, yuko kibandani, mwite umuulize hilo la moto, atakujibu. Mimi ni mtu wa swichi.

Ladha akavua miwani. Akamwambia Gangaben, kwa Kiswahili, nami nisikie, kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akihofia, amezungukwa na waongo, afunge vitu vyake.

Gangaben hakuinuka, maana hawezi. Alinyoosha kitambaa.

"Ladha bhai, mimi sikumuuliza alikotoka," akasema. "Nilimuuliza kama atakuja kesho. Alikuja. Muhidini naye alikuja. Wewe, nimekaa na homa mwaka mzima, umeniletea barua moja. Nenda ukamuulize Muhidini la moto, kisha unywe chai, kisha upande lori lako."

Akanigeukia. "Nenda," akasema, nami nikawasha.

Ladha alikwenda kibandani. Alikaa huko mpaka karibu magharibi, na sijui waliongea nini, maana Muhidini nilipomuuliza alisema, "Umeme." Ladha analala kwa Haiderali, na kesho anarudi Kilwa. Peke yake.

Ijumaa, 3 Juni

Ladha ameondoka na lori la asubuhi. Kabla hajapanda alimwachia Gangaben boksi la mawe ya tochi mapya, akasema yakiisha asiyatupe.

Sasa nirudi kwenye ukurasa wa kwanza. Sikupata kupanda meli. Nilikuwa mfagiaji wa godauni bandarini Dar es Salaam, na majina ya miji niliyasoma kwenye makasha. Umeme umenipiga mara moja tu maishani, hapa Kibiti, na nililia.